Risala ya Wahudumu wa Macho kwa Mgeni wa Heshima, Kisumu

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, walimu wetu wa siku hizi tano, wahudumu wenzangu, itifaki imezingatiwa.

Karibu Kisumu, daktari. Tuliomo humu mafunzoni ni maafisa wa kliniki wa macho, wauguzi wa macho na wapima miwani kutoka Siaya, Vihiga, Kakamega na Busia. Wenzangu wamenituma niseme kwa ufupi, ingawa walionichagua wananijua.

Leseni haihuishwi bila alama za mafunzo endelevu. Hilo hatulipingi. Kinachotukera ni namna alama zinavyopatikana. Wengi wetu tumewahi kuketi katika ukumbi wa hoteli, tukatia sahihi, tukatazama slaidi hadi chai ya saa nne, kisha tukarudi kituoni na alama mfukoni na mikono ile ile.

Wiki hii haikuwa hivyo. Jumatano aliletwa mzee mmoja mkata miwa. Jani la muwa lilimkwaruza jicho wiki mbili nyuma, akapewa matone, wekundu ukapungua lakini kioo cha jicho kikazidi kuwa cheupe. Mwalimu hakutuhutubia. Tulimtia mzee dawa ya ganzi, tukakikwangua kidonda polepole, tukapaka ukwanguzi kwenye kipande cha kioo, tukadondoshea potasiamu haidroksidi, tukachungulia kwa hadubini. Zikaonekana nyuzi nyembamba zenye matawi. Kuvu! Na matone yale yalikuwa ya steroidi, ambayo hutuliza jicho kwa nje huku kuvu ikijitanua ndani. Mwenzetu mmoja, mkongwe wa kazi hii, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Matone hayo nami nimewahi kuyaandika." Hakuna aliyecheka.

Dawa yenyewe ya kuvu hiyo, natamaisini, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2017. Hata hivyo, mwana wa mzee alizunguka maduka matatu ndipo akaipata.

Daktari, sauti yako hufika kwenye meza zinazopanga mafunzo haya. Tunaomba yafanyiwe penye wagonjwa. Presha ya macho, kwa mfano, haijulikani kwa slaidi. Hujulikana kwa kuchungulia mshipa wa fahamu wa jicho mara nyingi, mtu mzoefu akiwa begani mwako. Pili, wengi wetu tuko peke yetu vituoni. Nikija hapa, mlango wangu hufungwa, na mama aliyepanda matatu kutoka mbali kuja kutolewa mtoto wa jicho hukuta kufuli. Tutafutiwe wa kutushikia zamu. Nauli pia, wapo waliojilipia wenyewe, na mmoja alikuja kwa boda tangu mpakani, mgongo bado unamuuma.

Mzee wa miwa anarudi kesho saa tatu asubuhi. Kiti cha kwenye hadubini tumekuwekea, ukipata nafasi.

Tunaomba kuwasilisha.