Ardhi ya viwanda isipimwe kwa idadi ya spishi pekee

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie tabia ya kutangaza kwamba ardhi iliyochafuliwa na viwanda imepona, eti kwa sababu vipimo vya vinasaba vimeonyesha bakteria wa aina nyingi.

Sivibezi vipimo hivyo. Bakteria walio wengi udongoni hawakubali kuoteshwa maabara, na bila vinasaba tusingejua kuwa wapo. Lakini DNA ya bakteria waliokufa huweza kudumu udongoni kwa muda mrefu, hivyo orodha ya spishi huchanganya walio hai na marehemu. Isitoshe, wingi wa spishi hutegemea sana kiwango cha asidi: udongo wenye asidi kali ukitiwa chokaa, idadi yaweza kupanda ilhali metali zenye sumu kama risasi na kadimi zimo vilevile.

La kuuliza ni kazi gani ya bakteria hao imekoma. Huko Woburn, Uingereza, tope la majitaka lenye zinki, shaba, nikeli na kadimi lilimwagwa katika mashamba ya majaribio kuanzia 1942 hadi 1961. Miongo miwili baadaye, klova nyeupe, mmea wa jamii ya mikunde, iliyooteshwa humo ilidumaa kwa kukosa nitrojeni. Mizizi yake ilikuwa na vinundu, na ndani ya vinundu mlikuwa na bakteria wa jamii ya Rhizobium, ambao kwa kawaida huupatia mmea nitrojeni, ila waliosalimika ni wale wasioweza kunasa nitrojeni ya hewani. Mwenye kuhesabu tu angeandika kwamba wapo, akafunga daftari.

Wapo pia wanaotegemea bakteria sugu wasafishe kila kitu. Cupriavidus metallidurans, aliyegunduliwa katika mashapo ya kiwanda cha zinki nchini Ubelgiji, husukuma metali nje ya seli yake. Hilo humwokoa yeye, si udongo. Bakteria huweza kumeng'enya mafuta, lakini kadimi ni elementi na hawawezi kuiangamiza. Tena jeni za kuhimili metali mara nyingi huambatana na zile za usugu dhidi ya antibiotiki, jambo ambalo watu wa afya hawapaswi kulipuuza.

Kwa hiyo, kabla ya kibali cha kulima au kujenga kutolewa, mamlaka zidai, pamoja na kipimo cha kemikali, kipimo cha upumuaji wa udongo (yaani hewa ya kaboni dioksidi inayotolewa na viumbe vilivyo hai ndani yake), cha ugeuzaji wa amonia kuwa nitrati, na jaribio la kuotesha mimea ya jamii ya mikunde, vyote vikilinganishwa na udongo wa aina hiyohiyo ambao haukuchafuliwa.

Msomaji wako