Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: kanusheni na zile sifa za uongo

Gavana, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Tanga. Huku tawi la Benki Kuu hatuna, kwa hiyo habari za shilingi na deni la taifa zinatufikia kwa simu, yaani vois za WhatsApp, vipande vya video na kurasa za mbele za magazeti ambazo mtu kapiga picha akatupia kwenye grupu bila hata kusoma ndani. Na huko kwenye simu kuna watu wanapigana kila siku, silaha yao ni namba zenu.

Chukua shilingi. Mwishoni mwa 2024 dola ilishuka mpaka kwenye 2,400 hivi, kufika Mei 2025 ikawa imerudi karibu na 2,700, alafu ikaanza kushuka tena. Sasa anayetaka kututisha anakata grafu ianze Desemba iishie Mei, unaona shilingi inazama, na anayetaka kusifia anaanzia Mei anakuja mbele, unaona shilingi inapaa. Namba zote za kweli, na grafu zote mbili zimetengenezwa kudanganya. Alafu unakuta posti ileile, maneno yaleyale, mpaka herufi iliyokosewa ni ileile, imebandikwa na akaunti kibao ndani ya muda mfupi na nyingine hazina hata sura ya mtu. Hayo sio maoni ya wananchi Gavana, kuna mtu kaagiza.

Magazeti nayo hayajambo. Ripoti moja, siku moja, huyu kichwa cha habari ni uchumi waimarika, yule deni lapaa, na ukisoma ndani wote wamenukuu kurasa mbili tofauti za ripoti hiyohiyo. Gazeti linaloishi kwa matangazo ya serikali na taasisi zake tunajua litachagua ukurasa gani.

Usidhani ni kelele za mitandaoni tu zinaishia huko. Vois ikizunguka kwamba dola inakwenda elfu tatu, kwenye maduka ya jumla Ngamiani bei inapanda siku hiyohiyo, tena ya mzigo ulionunuliwa zamani, kwa sababu mwenye duka anaogopa akiuza kwa bei ya jana kesho hataweza kununua mwingine. Mama ntilie anayefuata mafuta ya kula soko la Mgandini ndo analipia ile vois. Na mkulima mdogo wa mkonge kule Korogwe, ambaye mkonge wake unaenda nje na kuuzwa kwa dola, hakuna anayemwambia kwamba shilingi ikiimarika sana bei yake ya shilingi inaweza kuumia, na ikidhoofika anaweza kupata nafuu ingawa mbolea na dizeli navyo vitapanda. Hayo ndo mazungumzo tunayohitaji. Tunachopewa ni shilingi ikipanda serikali oyee, ikishuka serikali ovyo, basi.

Kwenye deni ndo balaa zaidi. Mmoja anachukua trilioni zote anazigawa kwa idadi ya watu, anatangaza kila mtoto anayezaliwa anadaiwa mamilioni, wala hasemi kwamba ndani ya deni la nje mnalotangaza kuna mikopo ya makampuni binafsi ambayo wanailipa wenyewe. Anakuja chawa, yaani msifiaji wa serikali, anamjibu deni ni himilivu, yaani tunaweza kulibeba, tuko chini ya ule ukomo wa asilimia 55 ya pato la taifa, nyamazeni. Ukomo huo upo kweli na tuko chini yake kweli, lakini haumwambii mtu bajeti ya mwaka huu kiasi gani kinaondoka kulipa riba na mikopo yenyewe kabla hospitali haijanunua dawa. Anayeuliza hilo anaitwa sio mzalendo.

Na hapa ndo nina neno na wewe. Uongo ukiisema serikali vibaya, taasisi za umma zinakanusha haraka, muhuri mwekundu unapigwa, tunaupata mpaka vijijini. Uongo ukisifia, kimya. Mtu akiandika shilingi yetu ndo sarafu bora duniani bila kusema ni kwa miezi gani, hakuna muhuri. Matokeo yake hata mkikanusha kitu cha uongo kabisa watu hawawaamini, wanawaona nyinyi ni upande mmoja wa ugomvi, na kwa hilo siwalaumu.

Kanusheni pande zote. Ile ripoti yenu ya mwezi ya uchumi inatoka kwa Kiingereza, itoeni na Kiswahili siku hiyohiyo, sio wiki mbili baadaye wakati wapotoshaji washamaliza kazi. Grafu ya shilingi iwe ya miaka mitano kila mnapoitoa. Deni mliweke mafungu matatu kwenye ukurasa wa kwanza, la serikali la nje, la serikali la ndani, na la binafsi, na pembeni yake tuone mwaka huu tunalipa kiasi gani. Alafu mtume mchumi wenu mmoja aje kukaa kwenye redio za hapa Tanga, apigiwe simu na wenye maduka, wavuvi na wakulima wa mkonge, ajibu maswali bila kuchagua.

Ni mimi, mkazi wa Makorora, Tanga.