Rejeta ya maji haikwepi hewa nyepesi ya Mbeya

Ndugu Mhariri,

Kuna hoja inayorudiwa sana kwa wanaonunua kompyuta za mezani hapa Mbeya: kwamba huku juu hewa ni nyepesi, feni haifui dafu, bora ya kupozwa kwa maji. Nusu ya hoja hiyo ni kweli, na ndiyo inayofanya nusu ya pili iaminike.

Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ya Dar es Salaam. Feni ikizunguka kasi ileile inasukuma hewa yenye uzito mdogo, hivyo inaondoa joto kidogo zaidi. Lakini maji nayo hayalimalizi joto, yanalihamisha tu. Pampu inayatoa kwenye prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta inayotoa joto, hadi kwenye rejeta, na rejeta inapozwa na feni, kwa hewa hiyohiyo nyepesi. Lori linalopanda mlima wa Kitonga lina maji tele, ila feni yake ikikatika linachemka.

Tena baridi yetu inalipa deni hilo na chenji inabaki. Tuseme Dar es Salaam chumba kina nyuzi 32 na prosesa inapanda nyuzi 40 juu ya hapo: 72. Mbeya chumba kina nyuzi 22. Hata wepesi wa hewa ukiongeza nyuzi 6 kwenye zile 40, unapata 68.

Kwa hiyo angalia wati za prosesa kwanza. Ya wati 65 inatoshwa na feni iliyokuja nayo, au mnara mdogo wa mapezi wenye feni moja ya milimita 120. Ya wati 125 hadi 150 inataka mnara wenye mirija minne hadi sita ya shaba. Ikivuka wati 200 na kazi ni ya saa nyingi mfululizo, kama kuhariri video ndefu, hapo rejeta ya milimita 360 ina maana. Minara mingi ina kimo cha milimita 155 hadi 160, basi pima kasha la kompyuta kabla ya kulipa, na uhakikishe feni haigongi RAM (vibao vya kumbukumbu) ndefu.

Sababu kubwa ya kupendelea feni ni siku ya kuharibika. Feni ikifa, unabadilisha feni peke yake. Mnara hauna kinachokufa. Mfumo wa maji una pampu, na maji yenyewe hupenya polepole kwenye kuta za mipira mwaka hadi mwaka, hewa ikachukua nafasi yake. Baada ya miaka mitano, sita hivi, unaweza kusikia mbubujiko, au prosesa ikagonga nyuzi 90 dakika moja tu baada ya kuwasha huku rejeta ikiwa baridi. Mingi imefungwa kiwandani, haiongezwi maji, na anayeongeza ya bomba anakaribisha kutu na chumvi ndani. Ukishaamua kununua mfumo wa maji, juu ya rejeta pawe juu kuliko pampu, la sivyo hewa inakusanyika ndani ya pampu na kuimaliza. Umeme ukikatika usiwe na hofu: pampu na prosesa vinazima pamoja. Na wa Makete wasiogope kuganda, kwa kawaida kimiminika hicho kina dawa ya kuzuia.

Kufunga ndiko kunakoharibu wengi. Futa pesti ya zamani, ule uji unaopitisha joto kati ya prosesa na kipozeo, kwa spiriti safi, bandua karatasi ya plastiki iliyo chini ya kipozeo (inasahaulika mno!), kisha weka pesti mpya kiasi cha punje ya choroko katikati. Kaza skrubu kwa mshazari, mizunguko michache kila moja, usimalize upande mmoja kwanza. Waya wa feni uende palipoandikwa CPU_FAN kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Ukikosea, kompyuta nyingi zitalalamika zikiwashwa.

Halafu vumbi. Kuanzia Mei hadi Oktoba linaziba mapezi ya mnara na ya rejeta bila ubaguzi. Safisha mara mbili msimu huo kwa brashi laini ya rangi, ukiishika feni kwa kidole isizunguke. Kompresa ya gereji hutema maji pamoja na upepo, iacheni huko huko. Kasha likae juu ya meza, sentimita 10 kutoka ukutani, mbali na jiko la mkaa ambalo Julai huingizwa sebuleni: masizi yake yakichanganyika na vumbi hayatoki kwa brashi, inabidi kufungua kila kitu. Jiko hilo, kwa kweli, halifai kuingia ndani hata kama hakuna kompyuta.

Fundi kompyuta,
Mwanjelwa, Mbeya