Barua kwa Mjomba, kutoka ufuko wa Chesil

Weymouth, Uingereza
Januari 2025

Mjomba wangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Shikamoo, na shikamoo zangu zimfikie mama na shangazi. Sisi huku wazima, Alhamdulillah. Baridi ndiyo hiyo mnayoisikia, ila mtoto kashazoea, anakwenda skuli koti wazi kama wenyeji. Pesa ya ada nimemtumia kaka, muulizeni.

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza, na mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. Unauliza: samaki wa kilo tatu, mnono, umempata kwa tabu usiku wa baridi, halafu unampiga picha unamrudisha baharini, nani kakuroga? Nimeona kwenye simu sitamaliza, bora nikuandikie, na kaka awasomee wote.

Kwanza ujue samaki mwenyewe. Huku wanamwita sibasi. Ana rangi ya fedha, mgongo wa kijivu, pezi la juu lina miiba mikali, na kifuniko cha shavu kinakata kama wembe. Ukimshika ovyo gizani utatoka damu. Hao wanaouzwa madukani wengi wamefugwa Ugiriki na Uturuki. Nimewala. Nyama laini, ladha hakuna. Huyu wa baharini ni mwingine kabisa, na tatizo lake ni kwamba anakua polepole mno. Kufika sentimita 42, ambacho ndicho kipimo cha chini cha kisheria, humchukua miaka kama mitano au sita. Yule uliyemuona kwenye picha keshapita miaka kumi.

Na alikuwa jike, tumbo limejaa mayai. Wakubwa hawa wakati wa baridi hutoka pwani taratibu, wakaenda kwenye maji ya kina katikati ya mkondo ulio baina ya Uingereza na Ufaransa, wakataga kuanzia Februari hivi. Wanakusanyika pamoja, na meli za kokoro, zile zinazoburura nyavu kubwa, zilikuwa zinajua. Zikiwakuta huko zinachota. Kisha zikaja baridi kali za mwaka 2009 na kuendelea, vitoto havikupona, na samaki wakapungua hadi watu wakashtuka. Mwaka 2015 Ulaya ikapiga marufuku kokoro kuwafuata katika miezi ya kutaga, na mwaka huohuo kipimo kikapandishwa kutoka sentimita 36 hadi hizo 42. Sisi tunaovua kwa fimbo, mwaka huu wa 2025 tunaruhusiwa wawili kwa siku, na Februari na Machi hata mmoja huruhusiwi kubaki naye, ukimpata unamwachia. Watu wa fimbo wananung'unika sana kwamba sisi tunahesabiwa vidole na wenye boti za leseni wana mgao wao wa kilo na kilo. Mimi nanung'unika nao, lakini jike lenye mayai silichukui hata Januari ambapo sheria inaniruhusu. Wewe mwenyewe ulisimama kidete huko Pemba, mwamba wa pweza wa Kisiwa Panza ulipofungwa ili wakue, ukatukanwa na jamaa zako. Basi na mimi niache.

Sasa nije kwenye uvuvi wenyewe, maana najua hapo ndipo unapopataka.

Chesil ni ufuko mrefu, kilomita 29 hivi, na mchanga hakuna, ni kokoto tupu. Ncha moja, West Bay, kokoto ni ndogo kama mbaazi, na kadiri unavyokwenda ncha ya pili, Portland, zinazidi kukua. Wanasema wavuvi wa zamani wakitua gizani au kwenye ukungu walikuwa wakizishika mkononi tu wakajua wapo wapi. Mteremko wake ni mkali, mita chache tu mbele yako maji yanakufunika. Wimbi la Atlantiki likivunjika pale linavuta kokoto kurudi baharini kwa mngurumo, na mtu akiteleza hapandi. Kwa hiyo siendi peke yangu, siingii majini, na koti la kuelea halinitoki mwilini. Upepo wa kusini-magharibi ukiwa mkali, fimbo inabaki nyumbani.

Wengi hudhani baridi samaki hakuna. Bahari, Mjomba, inachelewa kupoa. Nchi kavu mwezi wa Desemba imeganda lakini maji bado yana joto karibu na lile la Mei. Hushuka kabisa Februari na Machi, yakafika nyuzi 8 au 9. Na katika miezi hii ya mwanzo wa baridi dagaa wa huku husogea karibu na ufuko kwa makundi, wakubwa wanawafuata. Utavua wachache, lakini wa maana. Na giza linaingia saa kumi jioni, kwa hiyo mtu anatoka kazini, anakunywa chai, na usiku wa kuvua bado mzima.

Chambo hatutumii. Ni samaki wa bandia. Mchana naweka wa mpira mwenye mkia unaotikisika, ila usiku nafunga kijiti kirefu chembamba, umbo la chuchunge, cheupe, hakina kibati cha mdomoni cha kukizamisha wala kitu cha kukitikisa. Ukikiona utasema hiki nani atakila. Uzi wa kusuka ni mwembamba sana, mbele yake pima moja ya nailoni nene kidogo ambayo kokoto haziikati. Hakuna chubwi, uzito wa kuzamisha. Unatupa, unaacha kitulie, halafu unakunja rili polepole kuliko unavyodhani ni polepole. Maji baridi, samaki havutiki kukimbia. Na usiangaze taa majini. Ukitaka kufunga fundo unageuka, unaipa bahari mgongo.

Kuna jambo moja ambalo ungelipenda. Wageni hutupa mbali wakitafuta samaki kule nje, na samaki yupo mita tano kutoka miguuni, kwenye lile bonde linalochimbwa na wimbi. Kwa hiyo mwisho wa kukunja ndio wa kuangalia khasa: wimbi likirudi linaulegeza au kuukaza uzi, na wewe unatakiwa uendane nalo, kidole kiko kwenye uzi. Akija hagongi kama kolekole. Unahisi uzito tu, kama umekamata mwani, halafu mwani unatikisa kichwa. Usimvute kwa nguvu wimbi linaporudi, ndoana itachomoka. Subiri linalokuja, limpandishe lenyewe kwenye kokoto. Vidole kufikia hapo havina habari. Glavu nimezikata ncha ili kidole cha uzi kibaki wazi, na ndicho kinachouma mpaka kesho yake.

Kumwachia nako kuna adabu zake: mikono iloweshwe kwanza, asilale juu ya kokoto kavu, ndoana iwe imebanwa kile kijino cha nyuma kinachozuia isichomoke, ili itoke upesi. Unamshikilia majini mpaka aondoke mwenyewe.

Kwenye boksi linalokuja na meli, pamoja na nguo za watoto, nimekuwekea samaki wa bandia wachache, wale wa mbao na wakubwa kidogo, uwajaribu kurambaza nguru, kuwaburura nyuma ya chombo, nje ya kisiwa cha Misali. Ndoana zao za meno matatu zitoe zote, ni laini, zimetengenezwa kwa samaki wa huku. Funga moja kubwa ya kwako nyuma na waya mbele. Na ukipenda niletee jibu lako kuhusu rangi: mimi nasema nyeupe asubuhi, lakini wewe ulikuwa na ubishi wako wa nyekundu.

Wasalimie wote, na mwambie bibi dawa ya miguu nimeipata.

Wako mpwa.