Subaru ya turbo: oili ipi iingie kwenye injini yako

Wenye Forester XT, Impreza WRX na Legacy GT wakifika gereji kwetu, swali la kwanza huwa ni hili: "Fundi, Dar kuna joto, si tuweke oili nzito ya 20W-50?" Jibu letu ni hapana. Tunaona ni haki yenu kujua sababu, maana wengi mmepewa ushauri huo na mafundi mnaowaamini, tena ushauri wenyewe ulikuwa na maana kwa magari ya enzi zake. Injini ya Peugeot 504 iliyochoka, yenye nafasi kubwa kati ya vyuma, ilitulia kwa oili nzito na moshi ukapungua. Subaru yenye turbo ni injini ya aina nyingine kabisa.

Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Moja inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nyingine inavuta hewa na kuishindilia kwenye silinda. Ukikanyaga mafuta, shafti hiyo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na moshi unaoizungusha unaweza kupita nyuzi 800 za joto. Kwenye turbo nyingi za Subaru, shafti haikai kwenye beringi za gololi. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili ndani ya bushi za shaba. Oili hiyo ndiyo inayoishika isiguse chuma, na ndiyo hiyo hiyo inayobeba sehemu kubwa ya joto lake. Oili ikichelewa kufika, au ikifika imechakaa, turbo ndiyo inayoumia kwanza.

Sasa turudi kwenye namba za kwenye dumu. Ile yenye W inaeleza oili inavyotiririka ikiwa baridi. Ya pili inaeleza uzito wake kwenye nyuzi 100, injini ikiwa imeshapata moto. Wengi husema hatuna theluji, kwa hiyo namba ya W haituhusu. Inatuhusu sana. Kwa injini ambayo oili yake hufanya kazi kwenye nyuzi 90 hadi 110, alfajiri ya nyuzi 25 Kigamboni au Mbezi bado ni baridi. Kwenye nyuzi 40, 20W-50 ya kawaida ni nzito karibu mara mbili ya 5W-40. Na pampu ya oili ina vali ya kupunguza presha: oili ikiwa nzito mno, vali inafunguka na sehemu ya oili inarudi ilikotoka bila kuzunguka injini. Ndiyo maana geji inaweza kuonyesha presha kubwa inayofurahisha macho huku turbo, iliyo mbali na pampu, ikisubiri oili yake.

Kuna kitu kimoja ambacho wenye Subaru wengi hawajawahi kukiona, nacho tunapenda kuwaonyesha gari likiwa limefunguliwa. Kwenye injini nyingi za Subaru za familia ya EJ, yaani EJ20 na EJ25, zenye turbo na mfumo wa AVCS (unaobadilisha muda wa vali kufunguka), bomba jembamba linalopeleka oili kwenye turbo limefungwa kwa bolti yenye tundu katikati. Ndani ya bolti hiyo kuna kichujio cha wavu, kidogo kiasi cha kukaa kwenye ncha ya kidole. Kazi yake ni kuzuia uchafu usiingie kwenye turbo. Kwenye gari lililokuwa likibadilishwa oili kwa kuchelewa, ukiifungua bolti hiyo unakuta wavu umezibwa na tope jeusi linalong'aa kama lami, na mwanga haupiti tena. Taa ya oili kwenye dashibodi haiwezi kukuambia hilo, kwa sababu presha ya injini nzima bado iko sawa. Utakachosikia ni mlio wa filimbi unaokua siku hadi siku, kisha moshi wa bluu, na mwisho shafti inaanza kucheza. Mbaya zaidi, vyuma vinavyosagika kwenye turbo vinashuka na oili hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), vinafika kwenye beringi za konrodi, na hapo injini inanoki. Mtu anakuja akidhani ana tatizo la turbo tu, kumbe anahitaji injini.

Kwa hiyo tunaweka nini? Kwa EJ yenye turbo ambayo haijaguswa, inayotumika kwenda kazini na safari za kawaida, 5W-30 nzuri ya sintetiki inatosha. Ndiyo Subaru wenyewe waliyopendekeza kwa injini nyingi za aina hii. Lakini kwa gari linalopandishwa mlima wa Kitonga likiwa na mizigo, linalokimbizwa, lililoongezewa presha ya turbo, au lililotembea sana, sisi tunachagua 5W-40. Sababu ni kipimo kinachoitwa HTHS, ambacho hupima oili ikiwa kwenye nyuzi 150 na ikikamuliwa kati ya vyuma viwili vinavyokwenda kasi. Hali ya namna hiyo ndiyo inayoikuta oili kwenye beringi injini inapofanya kazi ngumu. Kwa viwango vya SAE (jumuiya ya wahandisi wa magari), oili ya daraja la 30 inatakiwa ifikishe angalau 2.9, na 5W-40 angalau 3.5. Tofauti hiyo ndiyo kinga unayoinunua. Ukitoka 40 kwenda 50 kwenye injini isiyotengenezwa kwa oili hiyo, unaongeza uzito ambao AVCS hauutaki, maana mfumo huo unategemea oili ipite upesi kwenye njia nyembamba ili ubadilishe muda wa vali.

Oili ya 0W-20 inayouzwa kwa ajili ya Subaru mpya zisizo na turbo, tafadhali usiimimine kwenye EJ yako. Wala oili ya lori ya 15W-40, hata kama jirani yako anaitumia kwenye Fuso na haijawahi kumsumbua.

Neno "fully synthetic" mbele ya dumu lisikutoshe. Nchi nyingi huruhusu liandikwe kwenye oili za aina tofauti sana. Geuza dumu, usome nyuma. Tafuta herufi za API (taasisi ya petroli ya Marekani inayoweka viwango vya oili): S ni ya injini za petroli, na herufi inayofuata inaonyesha kizazi cha kiwango. SL ilianza 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. Ukikuta dumu la bei nzuri limeandikwa SF au SG, ujue hivyo ni viwango vya magari ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, hata kama lebo ina picha ya gari la mbio. Kwa 5W-40, tunapenda pia kuona ACEA A3/B4, kiwango cha watengenezaji magari wa Ulaya, kwa sababu kiwango hicho kinadai HTHS ya 3.5 au zaidi.

Wenye Forester ya SJG, ile iliyotoka Japani kuanzia mwisho wa 2012 ikiwa na injini ya FA20 DIT, kwenu herufi hizo ni muhimu zaidi. Injini yenu hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na injini za namna hiyo zenye turbo zinaweza kuwaka kabla ya wakati pale unapokanyaga sana zikiwa kwenye mizunguko ya chini. Mlipuko huo unaweza kuvunja pistoni. Viungo vya oili vina mchango: kalisiamu nyingi huongeza hatari hiyo, ndiyo maana watengenezaji wa oili walirekebisha michanganyiko yao kwa ajili ya SN Plus ya 2018 na baadaye SP. Kwa FA20, chini ya hapo hatuweki.

Oili bandia tunaichukia kwa dhati. Tunanunua kwa wakala anayetoa risiti, tunafungua dumu mbele yako, na tukimaliza tunalitoboa ili asije mtu akalijaza tena. Ukinunua mwenyewe, kagua kizibo na namba ya uzalishaji, na bei iliyo chini sana kuliko madukani ikutie shaka mara moja.

Kuhusu muda wa kumwaga oili, sisi tunasema kilomita 5,000 au miezi sita, lolote litakalotangulia, hata kwa sintetiki. Dumu linaweza kuahidi 10,000. Ahadi hiyo haijui foleni ya Ubungo. Gari likisimama saa nzima injini ikinguruma, oili inaendelea kupikwa na kuchanganyika na petroli, huku kilomita zikiwa hazijasogea. Filta ibadilishwe kila mara, na ile bolti ya wavu ikaguliwe angalau mara moja baada ya kununua gari lililotumika Japani.

Na pima oili mwenyewe kila unapojaza tangi, kwa kuwa Subaru za turbo hula oili kidogo hata zikiwa nzima. Egesha sehemu tambarare, zima, subiri dakika tano hadi kumi. Chomoa stiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, uichomoe tena. Soma pande zote mbili, na uamini upande unaoonyesha oili kidogo, maana stiki za Subaru hupakaza oili upande mmoja zinapotoka. Kati ya alama ya chini na ya juu kuna takribani lita moja, na injini hizi hubeba lita nne na kitu tu. Gari lililo chini ya alama limeshapoteza karibu robo ya oili yake.

Ukishuka kutoka safari ndefu ya mwendo wa kasi, acha injini izunguke taratibu dakika moja kabla ya kuzima. Maji ya kupooza turbo huendelea kuzunguka kidogo yenyewe baada ya kuzima, lakini oili inasimama papo hapo, na ile iliyobaki ndani ya turbo ya moto ndiyo inayoungua na kuwa masizi magumu.

Wenye Golf GTI, BMW na Mercedes za turbo, kwenu tunaangalia kibali cha kampuni kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, kama VW 502.00 au MB 229.5, kabla ya kuangalia namba nyingine yoyote.

Ukija kwetu, njoo na namba ya chesisi. Tuambie gari limetembea kiasi gani tangu oili ya mwisho, kama umewahi kuongeza oili katikati, na kama turbo au kompyuta ya injini imewahi kuguswa. Kama una dumu la oili uliyotumia mara ya mwisho, lilete pia tulisome pamoja.