Kaburi la kuka limekwama kwa mwaka

Mhariri,

Tangu Disemba tunawekea kaburi la babu yetu (kuka, ndio tulivyomwita) tailisi, hapa nje kidogo ya Kakamega, na kazi imesimama kwa sababu ya tarakimu nne tu, mwaka wa kuzaliwa. Kitambulisho chake kinasema 1926. Binamu zangu wa Nairobi wanasema karatasi ni karatasi, andikeni hivyo tumalize. Mimi nimekataa.

Karani aliyemwandikia alimuuliza mzee una miaka mingapi, mzee akasema hajui, karani akamchungulia mdomoni kama mtu yuko soko la ng'ombe, kisha akajaza. Hiyo 1926 ni hesabu ya meno, Mhariri.

Kuka hakuwa na mwaka lakini alikuwa na mambo. Alisema alizaliwa babake akiwa Kariokor, wale waliokamatwa vijijini kubebea Waingereza mizigo wakipigana na Wajerumani huko Tanganyika, na msako ule mkubwa wa wapagazi ulikuwa 1917. Babake hakurudi. Kuhara na malaria vilimaliza wapagazi wengi kuliko risasi, sijui yeye alikufa na nini. Halafu dhahabu ikapatikana Kakamega 1931, wazungu wakajaa na mahema yao, na kuka anasema alikuwa akiwabebea udongo kwa karai kupeleka mtoni kuoshwa. Sasa mtoto wa miaka mitano anabeba karai gani jameni?

Na Keya je, lile jeshi la Waingereza la askari Waafrika (King's African Rifles)? 1944 alikuwa Burma, divisheni ya 11, bonde la Kabaw, mvua za huko hazina mapumziko, alikuwa akisema matope yalivua watu buti. Alirudi na mestini ya jeshi, kile chombo cha bati cha kulia chakula, ukiigeuza chini imegongwa 1943 na bado inasomeka. Kukhu, yaani nyanya yetu, aliipimia mtama miaka yote, sisi watoto tukanyweshea vifaranga maji, na hakuna aliyetuambia hiyo kitu ilivuka mto Chindwin na vita. Baada ya vita serikali ya kikoloni iliwapa askari wazungu mashamba Bonde la Ufa, kuka akarudi kwa kishamba cha mamake, na hakupenda kuongelea hiyo sehemu, ukimuuliza anaitisha chai.

Kwa hivyo mimi nasema 1917. Baba mkubwa anasema tuache wazi tuandike tu mwaka aliokufa, eti kuka hangejali. Labda ni kweli, lakini mimi najali. Kama kuna msomaji ana mzee hai huko Butere, Mumias ama Kisumu, usimuulize alizaliwa lini, muulize babake alikuwa wapi wakati huo, na kama babu yako alikuwa Keya na aliwahi kutaja rafiki wa Kakamega aliyekuwa akiimba akioga, tafadhali andikia gazeti hili, huyo ni wetu.

Fundi ameshapiga simu mara mbili, anauliza achonge nini.

Mjukuu wa Keya,
Kakamega