Malalamiko kuhusu matairi ya motokrosi mliyotuuzia kama matairi ya trayali

Mkufunzi wa Vijana wa Pikipiki,
Malindi, Kaunti ya Kilifi.
16 Juni 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,
Mombasa.

Kwa Bwana au Bibi Meneja,

KUH: MATAIRI YA PIKIPIKI YASIYOLINGANA NA AGIZO

Naandika kwa niaba ya kikundi cha vijana ninaowafundisha kuendesha pikipiki nje ya lami hapa Malindi, kulalamikia matairi manne mliyotuuzia mwezi wa Mei. Ankara yenu inayaita matairi ya trayali, yaani ya mchezo wa kupita polepole juu ya mawe, lakini kwa umbo la meno, kwa ugumu wa mpira na kwa alama zilizopigwa ubavuni, hayo ni matairi ya motokrosi, yaani ya mbio za kasi kwenye udongo. Tulilipa shilingi 62,000 kwa M-Pesa, tukalipa na nauli ya kifurushi cha basi kutoka Mombasa, na hadi ninapoandika barua hii hatujapata matairi tuliyoagiza wala hatujarudishiwa fedha zetu.

Agizo letu halikuwa na utata wowote. Niliandika kwamba pikipiki zetu mbili ni Yamaha DT 175, kwamba ninahitaji matairi ya mbele ya 2.75-21 na ya nyuma ya 4.00-18, na kwamba yawe ya trayali halisi. Nikaeleza na matumizi, ili pasiwe na kisingizio baadaye: vijana hawa hawashindani kwa kasi, bali hujifunza kupita juu ya mawe, ngazi za miamba na makorongo kwa mwendo wa polepole, katika mchezo ambao mguu ukigusa chini mwendeshaji huhesabiwa pointi ya adhabu, na akishindwa kabisa kupita sehemu aliyopangiwa huhesabiwa pointi 5. Nilisema pia mahali penyewe, kwamba ni timbo la mawe ya matumbawe lililoachwa upande wa Msabaha, ambalo mwenye shamba ametukubalia kulitumia. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa timbo ni nini.

Kifurushi kilipofunguliwa kilikuwa na matairi mawili ya nyuma ya 4.10-18 yenye alama ya 6PR, na mawili ya mbele ya 2.75-21, yote yakiwa na meno makubwa ya mstatili yaliyoachana kwa mapengo mapana. Tairi la trayali halifanani na hilo hata kwa mtu anayelitazama kwa mbali. Meno yake ni madogo, ya mraba, mengi, na yamepangwa karibu karibu hadi begani mwa tairi, kwa sababu kazi yake si kuchimba ardhi bali kuishika. Tofauti ya 4.00 na 4.10 ningeweza kuivumilia, maana DT hizi kiwandani zilivaa 4.10 nyuma na rimu ni ile ile ya inchi 18. Alama ya 6PR ndiyo iliyonishtua. Alama hiyo haimaanishi lazima kwamba ndani mna tabaka 6 za nyuzi. Maana yake ni kwamba tairi lina nguvu ya kubeba inayolingana na la tabaka hizo, yaani, ingawa meno yake ni ya motokrosi, ubavu wake unafaa pikipiki inayobeba abiria na gunia la mahindi kutoka Magarini hadi mjini. Hiyo ni kazi ya heshima, na tairi la kuifanya lina thamani yake, lakini ni kinyume kabisa cha nilichoagiza.

Naomba mnivumilie nilieleze jambo hili kwa kirefu, kwa kuwa naona ndilo lisiloeleweka dukani kwenu. Pikipiki iliyotengenezwa mahususi kwa trayali ina uzito wa kilo 70 hivi, na tairi lake la nyuma, ambalo kwa kawaida halina tyubu, hujazwa upepo wa psi 4 hadi 5 tu (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo). La mbele huongezwa kidogo. DT zetu ni nzito zaidi na zina rimu za spoku na tyubu, kwa hiyo tunazidisha upepo kiasi na kufunga kishikizo ndani ya rimu, ili tairi lisizunguke peke yake likang'oa valvu, lakini kanuni haibadiliki. Kwa upepo mdogo namna hiyo ubavu mwembamba hulegea, na tairi linapokutana na ukingo wa jiwe hubonyea na kulikumbatia kama kiganja kinavyoshika embe, hata meno mengi yakawa juu ya jiwe kwa wakati mmoja. Mpira wake laini nao huingia katika vitundu vya matumbawe na kushika humo. Nguvu ya kupanda ngazi ya timbo hutoka hapo, wala si kwenye injini.

Ubavu wa 6PR haubonyei. Ukipunguza upepo mpaka psi hizo, tairi husimama kwa ubavu wake wenyewe, na kinachogusa jiwe ni meno mawili matatu, makubwa na magumu, ambayo huteleza kwa pamoja. Ukiongeza upepo mpaka psi 12 au 14, kama inavyofanyika katika motokrosi, gurudumu hudunda kwenye ngazi ya kwanza na kumtupa mwendeshaji pembeni. Hakuna kipimo cha upepo kati ya hivyo viwili kinachoweza kuligeuza tairi hilo kuwa la trayali, ingawa mhudumu wenu alinihakikishia kwamba kipo. Ngazi walizoziacha wakata mawe zina kingo zilizosimama wima, na wakati wa masika hushika utelezi wa kijani unaomwangusha hata mtu anayetembea kwa miguu. Kumpandisha kijana hapo kwa tairi lisiloshika ni kumhatarisha, na mimi ndiye nitakayewajibika mbele ya wazazi wake.

Mhudumu huyo alipoyasikia haya kwa simu alijibu kwamba meno ni meno, na kwamba tairi hilo hilo lingetufaa pia katika uwanja wa duara wa udongo tunaoufanyia mazoezi upande wa Ganda. Jibu hilo lilinisikitisha kuliko kosa la awali, kwa sababu kosa la kufunga kifurushi laweza kumpata yeyote, lakini ushauri wa namna hiyo hutolewa kwa kila mteja anayepiga simu. Mbio za duara, kama zinavyoendeshwa Marekani ambako zina historia ndefu, hutumia magurudumu ya inchi 19 mbele na nyuma, na matairi yake huandikwa 27.0/7.0-19 na 27.5/7.5-19, namba ya kwanza ikiwa ni kipenyo cha tairi zima kwa inchi. Meno yake ni mafupi na mapana, ili katika kona tairi litelezee pembeni kwa kiasi, na mwendeshaji ajue ni lini litashika tena. Meno marefu ya motokrosi juu ya udongo ulioshindiliwa hujipinda na kuchanika kwenye mizizi, tena huuchimba uwanja ukaharibika kwa wote. Tairi la trayali nalo halina mahali huko, kwa maana kwa kasi ubavu wake huyumba na mpira wake laini huisha haraka. Hii ndiyo sababu sikuagiza tairi moja la kazi zote mbili. Pikipiki zetu zina rimu za inchi 21 na 18, na kwa mazoezi ya duara tunaridhika na matairi ya kawaida ya njia za vumbi yenye meno mafupi, ambayo tayari tunayo.

Anayeuza matairi katika Pwani hii anapaswa kujua wateja wake wanakanyaga nini. Kwenye mchanga wa Mambrui linahitajika tairi lenye meno marefu yaliyoachana sana, linalochimba na kusukuma. Ukifika njia za udongo mwekundu za Marafa wakati wa kiangazi, tairi hilo hilo huhangaika, maana ardhi imekauka ikawa ngumu, na panatakiwa meno mafupi yaliyokaribiana. Masika ikiingia, mapengo membamba hujaa tope na tairi likabaki laini pande zote, kwa hiyo meno yaliyoachana yanafaa tena. Juu ya matumbawe hakuna kati ya hayo mawili linalofaa kama la trayali. Haya hayahitaji kitabu. Bodaboda yeyote wa Marafa anaweza kuyaeleza akiwa amesimama. Basi sioni sababu ya tangazo lenu kuendelea kuliita tairi moja la motokrosi, trayali, duara na barabara, kana kwamba mnunuzi hana pa kulitumia isipokuwa kwenye picha.

Kuna kasoro nyingine inayosimama peke yake, hata kama matairi yangekuwa ya aina sahihi. Tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa, zilizopigwa ubavuni mwishoni mwa alama ya DOT, ni 2217 kwenye matairi yote mawili ya nyuma, yaani wiki ya 22 ya mwaka 2017. Mliyauza kama mapya mwaka 2025. Mpira hukauka hata ukiwa ghalani, na katika joto letu hukauka upesi zaidi. Tayari nyufa ndogo zinaonekana kwenye mizizi ya meno, na ukiyabonyeza kwa ukucha hayaachi alama. Kwa tairi la trayali, ambalo thamani yake yote imo katika ulaini, umri huo peke yake ungetosha kulifanya lisiuzike. Hakuna aliyetutajia umri wa matairi, na bei haikupunguzwa.

Sasa nije kwenye suala la kurudisha. Siku kifurushi kilipofika nilituma picha za meno na za alama za ubavuni, nikauliza kama limetokea kosa. Mhudumu wenu aliandika kwamba hakuna kosa, kwamba niyafunge tu na nitaona yanavyoshika. Ujumbe huo ninao. Fundi akafunga jozi moja kwa maelekezo hayo, na kabla ya mazoezi yoyote ya vijana nikaamua yajaribiwe kwenye ngazi ya chini kabisa na msaidizi wangu, ambaye ni mwendeshaji mzoefu. Gurudumu la nyuma liliteleza ukingoni, pikipiki ikamlalia, naye akachubuka mkono na kuteguka kifundo. Nilipoomba kuyarudisha, jibu likawa kwamba tairi lililokwisha kuvaa rimu halirudishwi. Siwezi kuikubali kanuni hiyo katika hali hii, kwa kuwa ninyi wenyewe ndio mliosema yafungwe, baada ya kuonyeshwa kwa picha kwamba siyo tuliyoagiza. Jozi ya pili haijawahi kugusa rimu, na hata hiyo mlikataa kuipokea.

Sheria ya nchi iko wazi katika mambo haya. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, ya kupewa maelezo yanayomwezesha kufaidi alichonunua, ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na ya kufidiwa hasara au jeraha litokanalo na kasoro. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, nayo inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Tena mnunuzi akimfahamisha muuzaji kusudi la ununuzi na kutegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kulifaa kusudi hilo. Mimi nilitaja aina, vipimo, pikipiki, mchezo na hata ardhi yenyewe.

Kwa hiyo ninaomba, ndani ya siku 14 tangu mpokeapo barua hii, mtuletee matairi mawili ya 2.75-21 na mawili ya 4.00-18 ya trayali, yasiyo ya zamani, na mnitumie picha za alama za ubavuni kabla hayajapakiwa kwenye basi; au, ikiwa hamna, mturudishie shilingi 62,000 zote pamoja na nauli ya kifurushi na gharama ya fundi. Gharama ya matibabu ya msaidizi wangu ni ndogo na stakabadhi yake nimeiambatisha. Msipojibu nitayapeleka malalamiko haya kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na dai la fedha katika Mahakama ya Madai Madogo. Nisingependa kufika huko, maana Pwani hii haina maduka mengi yanayoleta matairi ya inchi 21, na tungetaka kuendelea kununua kwenu.

Ninaomba pia jambo moja lisilo la fedha yetu. Lirekebisheni tangazo la tairi hilo, liuzwe kwa jina lake na kwa kazi yake, na umri wake utajwe, kwa kuwa wapo vijana wengine kati ya Watamu na Gongoni wanaoanza mchezo huu kwa fedha za kuchangishana, ambao hawatajua kusoma alama za ubavuni mpaka mtu aumie.

Matairi yote manne yamesafishwa na kuwekwa kivulini katika stoo ya kikundi. Mnaweza kumtuma mtu ayakague siku yoyote ya juma baada ya saa kumi alasiri, na nikipata taarifa mapema nitampeleka timboni ajionee ngazi zenyewe. Nimeambatisha nakala za ankara, ujumbe wa M-Pesa, mazungumzo yetu ya maandishi na picha za matairi.

Wako mwaminifu,
Mkufunzi wa Vijana wa Pikipiki,
Malindi.